Carmilla: mapenzi yenye meno

Anayetaka mapenzi ya giza kati ya wanawake wawili aanze na Carmilla, riwaya fupi ya Sheridan Le Fanu kuhusu mnyonya damu, iliyoingia kitabuni 1872, miaka 25 kabla ya Dracula, riwaya maarufu ya mnyonya damu ya Bram Stoker. Ni sura 16 tu.

Utamu uko katikati. Carmilla anamkumbatia Laura, msichana anayesimulia, na kumnong'oneza kwamba ni wake. Laura anavutwa huku akichukizwa, wala hajui ni huba au maradhi. Sehemu ya picha iliyochorwa mwaka 1698, yenye kidoa shingoni, isomeni polepole: siri inavujia hapo.

Kasoro ni Jenerali Spielsdorf, rafiki wa baba yake Laura. Akishika usimulizi, wapenzi wanasukumwa pembeni na kasi inalegea. Tena utangulizi wa wahariri uachwe hadi mwisho, maana mara nyingi hufichua kila kitu.