Majaji wa Texas na wa Missouri: kura au kamati?

Texas, jimbo la Marekani, jaji huomba kura kama mbunge: ana chama, ana mabango, na mawakili watakaosimama mbele yake kesho ndio wanaomchangia leo. Hilo linanikera kuliko yote. Tena wimbi la chama linaweza kuwafagia majaji wazoefu usiku mmoja, wageni wakaanza kusoma mafaili upya huku mahabusu wakisubiri.

Missouri, jimbo jingine la huko, tangu 1940, kamati huchuja waombaji wa mahakama za juu na kumpelekea gavana majina matatu. Asipochagua ndani ya siku 60, kamati inateua yenyewe, kwa hiyo kiti hakikai wazi muda mrefu. Baadaye wananchi huulizwa: abaki au aondoke? (Kaunti nyingi za vijijini bado huchagua majaji wao kwa vyama.) Mimi naegemea Missouri, ingawa kamati pekee haiharakishi kesi, kwa kuwa haiongezi makarani wa mahakama.