Fundi wa tepu aliyekuja Paje akamtukana mzee wetu

Kama una farasi hapa Unguja na mguu wake umeumia kano, soma haya kabla hujamwita mtu yeyote na mabunda yake ya tepu za rangi, zile za kitambaa kinachovutika zinazobandikwa mguuni kwa gundi kupunguza uvimbe. Nina hasira, na nimeamua kuandika kabla hazijapoa.

Farasi wetu ni jike, anaitwa Asumini. Tunatembezea wageni pwani, Paje kwenda Bwejuu na kurudi. Siku za kaskazi, maji yamejaa, mgeni mmoja akamtia mbio kwenye ule mchanga laini wa juu, na mchanga mzito ndio adui wa kano. Kulipokucha mnyama anachechemea mguu wa mbele, nyuma ya muundi pamevimba na pana moto. Walioumizwa na jambo hili wanaijua kano hiyo: inaanzia chini ya goti, inateremka na mfupa, kisha inagawika mapande mawili hadi kwenye vifupa viwili vya nyuma ya kifundo. Ndiyo inayokibeba kifundo kisizame. Ikichanika, kupona kwake ni miezi, pengine mwaka, na huku majani na pumba ananunuliwa kila siku.

Ndipo tukaelekezwa kwa fundi wa tepu. Bei siitaji, ila alitaka nusu kabla ya kuja, na nusu hiyo peke yake ilituuma.

Sasa sikilizeni. Mzee anayemtunza Asumini ameishi na wanyama tangu ujana wake, kwanza punda wa magari ya mizigo, baadaye farasi. Asubuhi ile alikuwa amemsimamisha baharini kuupoza mguu, ndiyo kwanza anamtoa. Yule kijana akashuka garini. Salamu hakutoa. Mguu hakuupapasa, hakuuliza umeumia lini, hakumtaka mnyama atembezwe amwone anavyokanyaga. Akatoa mkasi, akaanza kukata tepu. Mzee akamwambia kwa upole, "Mwanangu, ngoja kwanza tuukaushe, bado una maji ya chumvi."

Akamjibu, mimi nipo, na wageni wamesimama wanatazama: "Wewe kazi yako kuzoa mavi. Hii ni sayansi."

Mtu wa umri wa baba yake! Wallahi mikono ilinitetemeka. Mzee hakujibu neno, alishika hatamu tu na kuzidi kumtuliza Asumini, maana mnyama alishaanza kupiga kwato. Kijana akabandika tepu juu ya manyoya yenye maji, akaivuta mpaka kwenye ncha, akamaliza kwa kuuzungusha mguu mzima. Akasema itakaza misuli ya pale. Misuli ipi? Chini ya goti farasi hana misuli ya maana, ni mfupa, kano na ngozi. Hilo Mzee analijua bila kusomeshwa na mtu.

Jua halijatua tepu zote zimebanduka, zimening'inia zimejaa mchanga, isipokuwa ile ya kuzunguka. Hiyo ilibaki kwa sababu ilibana, na juu yake uvimbe ukawa umetuna kama andazi. Mzee ndiye aliyeikata, taratibu, ncha ya mkasi akiiweka mbali na ngozi. Nilimpigia fundi simu. Akasema farasi wetu mchafu.

Kwa hiyo nilitaka kuandika kwamba tepu hizi ni utapeli na yaishe. Ingekuwa rahisi. Lakini wiki ileile tulimleta daktari wa mifugo kutoka mjini, akaupima mguu kwa ultrasaundi, akatuonyesha kwenye kioo doa jeusi katikati ya kano, ndipo palipochanika. Baadaye, mguu ulipokuwa umepoa, akatoa tepu ya namna ileile! Nilikaribia kumfukuza.

Huyu lakini aliukausha mguu kwa taulo, akaupangusa kwa spiriti ukakauka tena. Alikata pembe za tepu ziwe mviringo ili zisinase na kubanduka. Upande mmoja akauchana vidole vyembamba, akavilaza juu ya uvimbe bila kuvivuta sana, na ncha akazibandika bila kuvuta kabisa. Kisha akaisugua kwa kiganja mpaka ikapata joto, maana gundi yake hushika kwa joto. Hakuzungusha mguu. Na muda wote alikuwa akimwuliza Mzee: hapa anashtuka? Jana alikuwaje? Tepu ile ilikaa siku kadhaa, na uvimbe ukapungua, tuliona kwa macho.

Imesaidia, basi? Nadhani imesaidia. Daktari mwenyewe alitukataza kuisifu peke yake. Alisema haina dawa ndani yake, ni pamba inayovutika na gundi, ilibuniwa na Mjapani Kenzo Kase miaka ya 1970 kwa ajili ya binadamu, na utafiti kwa farasi bado ni mchache. Haishiki kano ikaunga, wala haimruhusu mtu kumpanda mnyama mapema. Tulikuwa tunampoza kwa maji, tunampumzisha, tunamtembeza kwa kamba polepole kwenye mchanga mgumu maji yakitoka. Hayo ndiyo matibabu. Tepu ni ya kusindikiza. Hata hivyo nikiambiwa leo nilipie tena, kwa daktari yule nitalipa, na nitalipa kwa furaha.

Kwa yule kijana, hata bure sitaki. Nimeambiwa anaendelea kupokea kazi Nungwi na Kendwa, watu wanamwachia farasi zao wenyewe wakienda kunywa kahawa. Msimwachie. Simameni hapohapo, na mtunzaji wenu asimame karibu na aulizwe.

Sasa hivi Mzee ndiye anayebandika, daktari alimwonyesha na anaijua kazi. Na yule fundi bado ananitumia ujumbe kudai nusu yake iliyobaki. Aje Paje. Aanze kwa kumwomba radhi Mzee, mbele ya watu kama alivyomtukana mbele ya watu, halafu ndiyo tukae tuhesabiane.