Nusu siku na mwongozaji wa ndege wa pwani, Mikindani

Mapema Oktoba nililipia huduma ya kuongozwa kwa nusu siku kutazama ndege kwenye ghuba ya Mikindani, kilomita kumi hivi kutoka Mtwara mjini, kwa sababu nimewatazama kwa miaka mingi vitwitwi, ndege wadogo wanaokimbia juu ya tope maji yakupwapo, bila kuweza kumtenga mmoja na mwenziwe. Walionishinda zaidi ni wachanga, wale walioanguliwa Siberia ya kaskazini katikati ya mwaka, ambao hufika kwetu baada ya wazazi wao wakiwa na manyoya yasiyofanana na ya wakubwa.

Kijana aliyetuongoza hana pupa ya kutaja majina, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Nilipotaka kumtambua ndege mmoja kwa mdomo wake uliopinda chini, alinizuia kwa upole: "Mwalimu, mdomo uache kwanza, tazama mgongo." Ndani ya darubini nikaona kila unyoya umezungukwa na ukingo mwembamba mweupe, safu juu ya safu kama magamba ya samaki, na kifua chenye rangi ya chai iliyozidi maziwa. Huyo alikuwa Calidris ferruginea (ndilo jina la kisayansi la aina hiyo ya kitwitwi) wa mwaka wa kwanza. Jirani yake, mkubwa wa aina hiyohiyo, alikuwa na manyoya yaliyochakaa na mabaki ya wekundu wa msimu wa kuzaliana tumboni. Mdomo peke yake ungenipotosha, kwani madume wana midomo mifupi kuliko majike.

Kitwitwi wa aina nyingine, Calidris minuta, mdogo kuliko wote pale, tulimjua kwa mdomo mfupi ulionyooka na mistari miwili myeupe inayokutana mgongoni kama herufi V. Wa aina ya tatu, Calidris alba, ambaye mgongo wake una madoa meusi na meupe kama ubao wa drafti, alituchukua karibu nusu saa, mpaka aliposimama kwenye mchanga mkavu tukaona kwamba hana kidole cha nyuma. Sikuijutia hata dakika moja ya kungoja huko.

Kasoro zipo. Darubini ya miguu mitatu ilikuwa moja kwa watu watano, na mara mbili ndege aliruka kabla zamu yangu haijafika. Tena tulianza siku ya bamvua, bahari ikiwa imekupwa mbali sana, hivyo saa nzima ya kwanza tuliambulia vidoa tu kwenye upeo wa tope. Ndege walisogea karibu na mikoko pale tu maji yalipoanza kujaa. Atakayekwenda aombe safari ipangwe kwa kufuata majira ya maji, na kama ana darubini yake aibebe.

Nimeshaomba nafasi nyingine mwishoni mwa mwezi huu, kabla wachanga hawajabadili manyoya hayo ya kwanza wakawa wa kijivu kama wakubwa.