Popeye wa kina Fleischer, 1933–1938: kisanduku cha DVD nne

Mimi ni mchora katuni wa magazeti, na kisanduku hiki kilichotolewa na Warner mwaka 2007 kimenifunza zaidi ya kitabu chochote cha uchoraji nilicho nacho. Ndani mna filamu fupi 60 za katuni za Popeye, baharia anayepata nguvu za ajabu akila spinachi, zilizotengenezwa New York na studio ya ndugu Max na Dave Fleischer. Kama unamjua Popeye wa zile katuni za televisheni za miaka ya baadaye, huyu ni mtu mwingine kabisa.

Anza na "A Dream Walking" ya 1934. Olive Oyl, mpenzi wa Popeye, anatembea usingizini juu ya vyuma vya ghorofa linalojengwa, mikono mbele, macho yamefumba, na kila chuma kinapomwishia, kingine kinamjia chini ya unyayo. Huku nyuma Popeye na hasimu wake, jitu liitwalo Bluto, wanatwangana, kila mmoja akitaka yeye ndiye amwokoe. Nimeitazama picha baada ya picha, sijaona hatua iliyochorwa ovyo.

Msikilize pia Popeye anavyojisemea chinichini. Studio hii ilirekodi sauti baada ya picha kukamilika, ndiyo maana Jack Mercer, aliyeanza kumwigiza Popeye kwa sauti mwaka 1935, aliweza kuchomeka maneno huku midomo ya Popeye imetulia. Hayo ndiyo yanayonivunja mbavu.

Lakini pesa yangu ilirudi kwa filamu ya Sindbad ya 1936, ya rangi. Ni Sindbad yule wa Alfu Lela Ulela, ila ana umbo la Bluto, na anajigamba kwa wimbo. Mapango ya kisiwani kwake yalijengwa hasa, juu ya meza inayozunguka. Mchoro uliwekwa kwenye kioo mbele ya mandhari hayo, ukapigwa picha, meza ikasogezwa kidogo, ukaja mchoro mwingine. Popeye akitembea, mawe ya karibu yanapita mbio na ya mbali yanajivuta, kama unavyoona dirishani mwa basi. Aliyeongoza wachoraji ni Willard Bowsky, aliyeuawa katika Vita Vikuu vya Pili mwaka 1944. Nawaomba mlikumbuke jina lake.

Visa vinajirudia, spinachi haikosi, kwa hiyo tazama chache chache. Zipo pia picha za dhihaka kwa watu weusi na wenyeji wa Marekani. Hazikukatwa, ila onyo limewekwa. Kaa na watoto uwaeleze. Na kabla hujalipa, hakikisha deki yako inasoma diski za kanda zote, yaani maeneo ya dunia ambayo DVD hutengewa, maana hizi ni za kanda ya 1 (Marekani), na Afrika Mashariki tuko kanda ya 5.