Dodoso la BASDAI baada ya kulijaza kwa miezi minane

Daktari wangu wa viungo aliponipa karatasi yenye maswali sita na kuniomba niijaze kila Jumamosi, nilidhani ananipotezea muda, kwa kuwa mtu aliyeishi miaka tisa na spondilaitisi, yaani baridi yabisi ya uti wa mgongo, hahitaji karatasi ili ajue kwamba mgongo unamuuma. Leo ninazitunza karatasi hizo pamoja na kadi yangu ya kliniki, ingawa nina malalamiko mawili mazito.

Dodoso hilo, BASDAI, ambalo hupima ukali wa ugonjwa huu, lilitungwa na watafiti wa mji wa Bath, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 1994. Linauliza hali ya wiki iliyopita: uchovu, maumivu ya shingo, mgongo au nyonga, maumivu au uvimbe wa viungo vingine, maumivu ya sehemu zinapoguswa au kubonyezwa, kisha kukakamaa kwa mwili asubuhi, kwanza ukali wake, halafu muda wake. Kila jibu hupewa alama kati ya 0 na 10. Majibu mawili ya asubuhi hutafutiwa wastani, wastani huo hujumlishwa na majibu manne ya mwanzo, na jumla hugawanywa kwa 5. Alama 4 au zaidi huonyesha kwamba ugonjwa umechachamaa, na ni miongoni mwa vigezo vinavyotazamwa kabla ya mgonjwa kuanzishiwa dawa za kibayolojia, yaani dawa zinazozuia kinga ya mwili isichochee uvimbe; kwa hiyo si namba ya kuchezea.

Ninalolithamini zaidi ni swali la sita, la muda wa kukakamaa, ambalo kipimo chake hufika muda wa saa mbili au zaidi. Zamani nilikuwa nikimwambia daktari kwamba asubuhi zangu ni ngumu, basi. Sasa hutazama saa ya ukutani tangu ninapofumbua macho hadi ninapoweza kuinama na kufunga kamba za viatu, na ni muda huo ulionithibitishia kwamba kutembea kunanifaa kuliko kujilaza.

Lalamiko la kwanza ni uchovu. Wiki moja nilijibu 6, 7, 2, 3, 6 na 4, nikapata 4.6. Lakini wiki hiyo nilikuwa nimekesha na mtoto mwenye homa, na kama uchovu ungekuwa 2, kama ulivyo kwa kawaida yangu, ningepata 3.8, chini ya mpaka. Dodoso halibagui uchovu wa ugonjwa na uchovu wa ulezi. Kipimo kipya zaidi, ASDAS, kimeliacha swali la uchovu na kuongeza kipimo cha damu kinachoonyesha uvimbe mwilini, jambo linalokifanya kiaminike zaidi, ila hakiwezi kukamilishwa mezani nyumbani kwa kalamu tu.

La pili linaniudhi zaidi. Maumivu yanayomwamsha mtu usiku wa manane na kupungua akishainuka ni miongoni mwa dalili kuu za ugonjwa huu, lakini hakuna swali hata moja linaloutaja usiku. Wala haliulizi iwapo umemeza dawa za maumivu, ilhali wiki ya vidonge na wiki isiyo na vidonge haziwezi kulinganishwa.

Kwa sababu hiyo nimejichorea safu mbili pembeni mwa karatasi, moja ya vidonge na nyingine ya mara nilizoamka usiku, na kliniki iliyopita daktari alianza kusoma hizo kabla ya kutazama alama.