Miezi minane na mashine ya kuchomelea faiba inayolenga kiini

Mashine yangu ya kwanza ilikuwa ya aina inayolaza nyuzi mbili za faiba, yaani nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga, kwenye mifereji ya V na kulinganisha ganda kwa ganda, yaani kioo cha nje kinachozunguka kiini. Kwa faiba mpya haikuwa na neno. Iliponishinda ni kwenye kebo ya zamani iliyokatika, ambayo kiini cha nyuzi zake hakikukaa katikati sawasawa. Uzi una unene wa maikromita 125, lakini mwanga unapita kwenye kiini cha maikromita 9 hivi. Viini vikipishana maikromita 1 tu, umeshapoteza karibu desibeli 0.2 za mwanga. Nilikata na kuchomelea mara nne, kwenye skrini kiungo safi kabisa, ila OTDR, kifaa kinachotuma mwanga kwenye uzi na kupima unapopotea, ikaniletea hasara ileile.

Hii mpya ina kamera mbili zinazoutazama uzi kutoka pande mbili. Ndani ya ganda unaona mstari mwembamba, na huo ndio inaoufuata. Hadi leo sichoki kuitazama: uzi wa kushoto unapanda kidogo, unashuka, unatulia, ndipo cheche inapiga. Kilichonivutia zaidi ni hiki: kioo kikiyeyuka, mvutano wa uso wake huvuta ganda lilingane na ganda, na viini vilivyokwisha kupangwa vinaachana. Kwa hiyo mashine huvipishanisha makusudi kidogo, ili mvutano huo uvirudishe mahali pake. Kile kiungo cha kebo ya zamani nilikirudia nayo. Nikapima kutoka ncha zote mbili, wastani wa upotevu ukawa desibeli 0.03.

Namba ya upotevu inayoandikwa kwenye skrini msiitegemee. Ni makadirio yanayotokana na picha. Imewahi kuniambia 0.01 mahali ambapo OTDR ilikataa katakata.

Kifuniko cha upepo ni kizuri, kitanuri cha kupashia mpira wa kinga unaovalishwa kiungo kinachelewa. Ninacholalamikia hasa ni mifereji. Chembe moja ya vumbi humo inauinua uzi kupita kiasi ambacho motor zinaweza kurekebisha, na mashine inatoa onyo bila kusema ni upande gani. Brashi iliyokuja kwenye mkoba ina manyoya mazito, haifiki chini. Mimi natumia kijiti cha pamba chembamba chenye alkoholi kidogo, napangusa kuelekea upande mmoja tu, kila baada ya viungo kumi na viwili.