Pedali ya lupu kwa mpiga besi wa peke yake: uliza tundu la MIDI kwanza

Pedali ya lupu hurekodi kipande unachopiga na kukirudia bila kukoma. Lalamiko ni lilelile: besi iliyorekodiwa na mashine ya ngoma vinaanza sambamba, dakika moja baadaye kila kimoja kimeshika njia yake. Lawama humwendea mpigaji. Kwa tempo ya 120, bari 4 za mipigo minne ni sekunde 8 kamili. Ukikanyaga pedali kuifunga lupu ukiwa umechelewa milisekunde 30, lupu inarefuka kiasi hicho, na kosa linalimbikizana: mizunguko 8 tu, besi iko nyuma milisekunde 240, karibu nusu ya mpigo. MIDI ni lugha ambayo ala za elektroniki huwasiliana kwayo. Pedali isiyopokea saa ya MIDI, yaani alama 24 kwa kila mpigo kutoka kwenye mashine ya ngoma, haina cha kujirekebishia.

Saa 13 za kurekodi zinazotangazwa achana nazo. Unarekodi sekunde 8.

Chaguo langu la kwanza ni Boss RC-500, na upendeleo wangu kwa Boss sifichi (RC zote hapa ni zao). Inapokea saa ya MIDI na ina traki mbili: besi nzito traki ya kwanza, vipande vya juu ya freti ya 12 traki ya pili, kisha unasimamisha moja nyingine ikiendelea. Muziki wa elektroniki ni kujenga na kubomoa.

Ya pili, RC-5. MIDI ipo, ila traki ni moja.

Ya tatu, RC-505mkII. Traki 5, lakini ni ya mezani, na mikono yote miwili iko kwenye nyuzi. Utaishia kununua swichi za miguu juu yake.

RC-1 na TC Electronic Ditto ni za bei ya chini, hazina MIDI. Za mazoezi.

Kinachoudhi ni wauzaji. RC-5 na RC-500 zina matundu madogo ya MIDI ya milimita 3.5, ilhali mashine nyingi za ngoma zina tundu la pini 5. Waya wa kuziunganisha unauzwa kando, na muuzaji anakuchomolea wowote alionao. Waya hizo ni za aina mbili, A na B, kwa mpangilio wa nyaya za ndani. Dai aina A. Ukipewa aina B hakuna alama itakayofika, na utadhani pedali imekufa.

Pedali za oktava (ya kuongeza noti ya oktava nyingine) na kompresa (ya kusawazisha nguvu ya sauti) zitangulie pedali ya lupu. Ngoma ziende moja kwa moja kwenye mikisa, yaani kichanganya sauti. Ukizipitisha ndani ya pedali ya lupu, zinarekodiwa upya kila unapoongeza tabaka.